TAWI LENYE MAUA JUU YA KARATASI: Uhakiki wa Uchoraji wa Mimea kwa Rangi za Maji katika Mizani ya Fiqhi na Historia

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), Mpasuaji wa mbegu na kokwa, Aliyeteremsha maji ya namna moja kutoka mbinguni akatoa kwayo mimea ya rangi mbali mbali. Rehma na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Tumeletewa mas-ala na wazazi na walimu wa madrasa wa huku kwetu Hanga, upande wa Songea, nayo yanahusu kuchora mimea. Mhadhiri mmoja mgeni alipita katika misikiti ya vijiji vyetu akawaambia vijana kuwa kila kinachochorwa ni sanamu, na kila mchoraji ni mtu wa motoni, hata akichora jani la mhogo. Matokeo yake ni kwamba wapo wanafunzi wa sekondari walioacha kuchora majani na maua katika somo la baiolojia, na wapo walioambiwa na ndugu zao wachome karatasi zao. Upande wa pili wapo waliokasirishwa na maneno hayo wakasema kuwa mambo ya picha ni ya zamani, na kwamba leo kila kitu kinachorwa bila ya swali. Makundi haya mawili yote yamepunguza katika elimu: la kwanza limeharamisha alichokihalalisha Allah, la pili limebomoa ukuta wa mlango uliofungwa kwa Hadithi sahihi.

Tumeona basi tusiishie katika kusema "inafaa" au "haifai". Tutaieleza sanaa yenyewe, tutazipima kazi za baadhi ya waliojulikana kwayo, karibu nasi na mbali nasi, kisha tutataja dalili na mipaka.

SANAA YENYEWE NI IPI

Hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Hii ni kanuni waijuayo wanafunzi wote wa elimu ya Usuli. Anayetaka kutoa hukumu ya uchoraji wa mimea na aujue kwanza.

Mchoraji wa aina hii huchukua tawi moja, likiwa na maua, matumba na majani yake, akaliweka mbele yake katika mwanga wa dirisha. Hulipima kwa rula, kwa kuwa mara nyingi huchora kwa ukubwa wake halisi. Huanza kwa penseli nyepesi: majani yamepangwaje kwenye kikonyo, yanatazamana au yanapishana? Ukingo wa jani ni laini au una meno? Ua lina petali ngapi, na stameni zake ziko huru au zimeshikana? Kisha huja rangi za maji. Katika rangi hizi weupe hautoki kwenye kopo, ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa. Huanza na rangi hafifu, akaiacha ikauke, akaongeza tabaka juu ya tabaka, na akikosea mahali hana njia nyepesi ya kufuta. Na kwa kuwa ua hunyauka kabla ya jani, hulazimika kulimaliza ua kwanza. Nyuma ya tawi hakuna mlima wala nyumba. Kuna karatasi tupu, ili jicho lisishughulike na jingine.

Faida yake ni nini? Tuchukue mfano wa hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 1955 na 1956 wataalamu wawili wa Kiingereza, Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor, walizunguka katika nchi ya Songea wakikusanya mimea kwa maelfu. Waliikausha baina ya karatasi na kuipeleka kwenye hifadhi ya mimea ya Kew, karibu na London. Mpaka leo vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki vinataja Songea kwa sababu ya kazi yao. Lakini tawi lililokaushwa hupoteza rangi yake: manjano hugeuka kahawia, zambarau hufifia, na ua lililokuwa limesimama hulala bapa. Kinachobaki cha rangi ni maneno ya mkusanyaji na mkono wa mchoraji.

Huenda mtu akasema kuwa simu ya mkononi inatosha. Tunasema: simu ina faida yake, lakini hunasa alichokutana nacho mpigaji kwa saa moja, pamoja na vivuli na vumbi lake. Mchoraji hulinganisha matawi kadhaa, akaacha jani lililovunjika, akaonyesha upande wa juu na wa chini wa jani katika karatasi moja. Zaidi ya hayo, mwenye kuchora hulazimika kutazama. Kila anayeishi huku anaijua miti ya miombo inavyogeuka myekundu mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua. Msafiri apitaye kwa basi husema, "Tazama miti ilivyochanua!" Aliyekaa na tawi moja mbele yake kwa saa tatu anajua kuwa wekundu ule si maua, ni majani machanga, na kwamba maua ya miombo ni madogo, ya rangi ya kijani iliyopauka, hata huwezi kuyaona mpaka usogee.

MCHORAJI WA NAIROBI

Katika Afrika Mashariki yetu, jina lililojulikana sana katika sanaa hii ni la Joy Adamson. Watu wengi humjua kwa kisa cha simba jike Elsa na kitabu chake cha mwaka 1960. Kabla ya simba kulikuwa na maua. Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya dola ya Austria na sasa uko katika Jamhuri ya Cheki, akaingia Kenya mwaka 1937. Mume wake wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi aliyefanya kazi katika makumbusho ya Nairobi, naye ndiye aliyemhimiza achore mimea waliyoikuta katika safari zao. Michoro yake ikaingizwa katika kitabu cha kilimo cha bustani za Afrika Mashariki, na mwaka 1947 Jumuiya ya Kifalme ya Bustani ya Uingereza ikampa nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa michoro hiyo. Baadaye serikali ya kikoloni ya Kenya ikampa kazi ya kuchora watu wa makabila mbali mbali katika mavazi na mapambo yao ya asili, akachora mamia. Aliuawa Januari 1980 huko Shaba, kaskazini ya Kenya.

Tukiipima kazi yake ya maua kama kazi ya elimu, tunaona jambo la kusifiwa. Aliinama mbele ya mmea wa porini usiokuwa na thamani sokoni, akautazama kama kitu kinachostahiki kutazamwa. Mtu aliyesoma Suratul An'am, aya ya 99, ambamo tumeamrishwa kuyatazama matunda ya miti yanapotoka na yanapoiva, hawezi kuudharau utazamaji wa namna hii, hata ukitoka kwa asiyekuwa Muislamu.

Lakini tunaona pia mapungufu mawili, na haki ya uhakiki ni kuyataja. La kwanza ni kuwa kitabu kile cha bustani kiliandikwa kwa ajili ya walowezi wenye mashamba, kwa lugha yao. Mmea ulitoka katika ardhi ya Mkamba, Mmeru na Mtaita, ukaingia katika kitabu ambacho watoto wao hawakuandikiwa. Mchoro ulihifadhi petali. Bibi wa kijijini aliyejua kuwa mizizi yake huchemshwa kwa homa hakuwa katika hesabu ya waandishi. La pili ni kuwa uchoraji wa bustani humpendelea mmea siku ya harusi yake, yaani siku ya kuchanua. Mmea kabla ya ua na baada ya ua hupata nafasi ndogo.

Na hapa pana somo kubwa la fiqhi. Mkono ulikuwa mmoja, brashi ni ile ile na maji ni yale yale, lakini kazi zake mbili zina hukumu mbili. Tawi lenye maua liko upande wa ruhusa. Sura za watu, kwa madhehebu yetu ya Shafii na kwa wanazuoni walio wengi, ziko upande wa katazo, hata kama watu wa historia wanazithamini. Anayesema "uchoraji wote haramu" ameziweka pamoja na akakosea. Anayesema "uchoraji wote halali" naye ameziweka pamoja na akakosea vile vile.

TABIBU WA SUR NA MCHORAJI WAKE

Asije mtu akadhani kuwa sanaa hii tumeletewa na Wazungu. Ibn Abi Usaybi'a, tabibu na mwanahistoria aliyefariki mwaka 668 Hijria, ametueleza katika kitabu chake cha habari za matabibu kisa cha Rashid al-Din ibn al-Suri, aliyefariki mwaka 639 Hijria (karibu na 1242 Miladia). Huyu asili yake ni mji wa Sur, katika pwani ya Lebanon. Alikuwa akitoka kwenda penye mimea, kama vile Mlima Lebanon, akifuatana na mchoraji aliyebeba rangi za kila aina. Akifika kwenye mmea huuchunguza, kisha humwonyesha mchoraji rangi yake, kiasi cha majani yake, matawi yake na mizizi yake, naye huuchora akijitahidi kuufananisha. Tena hakutosheka na mara moja. Alimwonyesha mmea ukiwa mchanga akauchora, kisha ukiwa umekamilika na kutoa mbegu akauchora, kisha ukiwa umekauka akauchora. Lengo lake lilikuwa msomaji autambue mmea ule kwa hali yoyote atakayoukuta nayo ardhini.

Ndugu msomaji, linganisha. Haya yalitendeka zaidi ya miaka mia saba kabla ya nishani ya mwaka 1947, na kwa upande wa elimu njia ya Ibn al-Suri imetimia zaidi, kwa sababu ameufuata mmea katika umri wake wote na hakuishia kwenye siku yake ya uzuri. Aliandika kwa ajili ya dawa, na mwenye kutafuta dawa hukutana na mmea ukiwa mkavu mara nyingi kuliko ukiwa na ua. Masikitiko ni kwamba michoro ile haikutufikia. Kitabu kilipotea, tumebakiwa na habari yake.

Naye hakuanza yeye. Kitabu cha Dioscorides juu ya mimea na dawa kilitafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad na Istifan bin Basil, na tafsiri yake ikapitiwa na Hunayn bin Ishaq, aliyefariki mwaka 260 Hijria. Nakala zake zilizochorwa mimea kwa rangi zilinakiliwa katika nchi za Kiislamu kwa karne nyingi. Mfalme wa Roma ya Mashariki alipotaka kumtunuku Khalifa Abd al-Rahman wa Tatu wa Cordoba katika karne ya nne ya Hijria, miongoni mwa zawadi alizompelekea ilikuwa nakala ya kitabu hicho yenye michoro ya mimea, na matabibu wa Andalus wakakaa nayo kuitafutia kila mmea jina lake katika nchi yao. Kule India mfalme Jahangir, aliyezuru Kashmir mwaka 1620, ameandika mwenyewe kuwa maua ya nchi hiyo aliyoyachora Ustadh Mansur yalizidi mia moja.

Na kwetu pwani, nani hajaona milango ya Lamu na Unguja ilivyochongwa maua na matawi? Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19, ilipambwa kurasa zake kwa maua na majani ya rangi nyekundu, manjano na nyeusi. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watu wa Qur'ani, wakiishi baina ya masheikh, na kalamu iliyoandika aya ndiyo iliyochora tawi pembeni yake.

DALILI NA KAULI ZA WANAZUONI

Historia peke yake haihalalishi kitu, kwani watu wa zamani walifanya mema na mabaya. Turudi basi kwenye dalili.

Msingi wa mas-ala haya ni Hadithi ya Ibn Abbas (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim. Alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilitokana na kazi ya mikono yake, naye alikuwa mtengenezaji wa picha. Ibn Abbas akamsimulia aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.), kwamba mwenye kufanya sura ataadhibiwa mpaka aipulizie roho, na kamwe hatoweza. Yule mtu akashtuka mshtuko mkubwa na uso wake ukageuka. Ibn Abbas akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi na kazi ile, basi ashike kuchora miti na kila kisichokuwa na roho. Hayo ndiyo maana yake.

Tuzingatie mambo matatu. Kwanza, aliyeruhusu mti ni yule yule aliyeipokea Hadithi ya adhabu, kwa hivyo hakuwa mjinga wa uzito wake. Pili, illa ya katazo imetajwa ndani ya Hadithi yenyewe, nayo ni roho. Isipokuwepo roho katika kinachochorwa, adhabu ya kuambiwa "ipulizie" haina mahali. Tatu, Imam Bukhari ameiweka Hadithi hii katika Kitabu cha Biashara, chini ya mlango unaohusu kuuza picha za visivyo na roho. Hii inaonyesha kuwa aliifahamu kuwa ni ruhusa ya kuchora na ya kula chumo lake pia.

Inatilia nguvu Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, kuhusu Jibril (A.S.) alipochelewa kuingia katika nyumba ya Mtume (S.A.W.) kwa sababu ya sanamu iliyokuwa mlangoni. Akaelekeza kichwa chake kikatwe ili ibaki kama umbo la mti. Lau umbo la mti lingekuwa haramu, sanamu isingesafishwa kwa kugeuzwa kuwa mfano wa kilicho haramu. Hili ni wazi kwa mwenye kutafakari.

Imam Nawawi (Allah amrehemu), aliyefariki mwaka 676 Hijria, amebainisha katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kuwa kuchora miti na mfano wake katika visivyo na uhai si haramu, wala chumo lake si haramu, iwe miti yenye kuzaa au isiyozaa. Akasema kuwa hii ndiyo kauli ya wanazuoni wote isipokuwa Mujahid, ambaye alichukia kuchora mti wenye matunda.

KAULI YA MUJAHID NA MAJIBU YAKE

Insafu inatudai tuitaje kauli hii wala tusiifiche, kwa kuwa Mujahid bin Jabr si mtu wa kupuuzwa. Ni katika wakubwa wa Matabiina, na ni mwanafunzi wa Ibn Abbas mwenyewe katika tafsiri ya Qur'ani. Hoja yake ni Hadithi Qudsi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo maana yake ni kuwa hakuna dhalimu zaidi ya anayekwenda kuumba kama alivyoumba Allah. Basi na waumbe chembe, na waumbe punje, na waumbe shayiri. Punje na shayiri ni mimea yenye kuliwa. Imam Qurtubi naye, alipofika Suratun Naml, aya ya 60, ambayo inatukumbusha kuwa wanadamu hawana uwezo wa kuotesha miti ya bustani, ametaja kuwa aya hiyo huweza kutolewa dalili ya kukataza kuchora hata kisichokuwa na roho, na kwamba hiyo ni kauli ya Mujahid.

Jibu la jamhuri ni kwamba kutajwa punje na shayiri kumekuja kwa njia ya kushindisha na kudhihirisha udhaifu wa kiumbe. Makusudio yake si kuiingiza picha ya punje katika katazo. Ni kama kusema: mmejidai makubwa, basi leteni dogo. Na Hadithi ya Ibn Abbas imepambanua baina ya chenye roho na kisichokuwa nayo, na kilichopambanuliwa hutangulizwa juu ya kilichokuja kwa jumla. Tena hoja ya Mujahid haimfikishi mhadhiri wetu mgeni anakotaka. Alichukia mti wenye matunda, wala haikupokewa kwake kuwa anayechora jani la mhogo ni mtu wa motoni. Mwenye kutaka kushika kauli yake kwa uchaji wake binafsi, asichore mti wenye matunda, na hatumlaumu. Kumlazimisha mwingine, na kumwogofya mtoto kwa Moto juu ya jambo ambalo wanazuoni wote isipokuwa mmoja wameliruhusu, huo si uchaji.

Hata hivyo, kauli ya Mujahid ina zawadi ndani yake kwa mchoraji. Inamkumbusha kuwa anafuatisha tu. Akikaa siku nne na tawi la mninga, akachanganya manjano mara kumi na asilipate lile lenyewe, atajua kwa mkono wake maana ya aya aliyoihifadhi kwa ulimi.

SHUBHA YA KUIGA

Wengine wa huku kwetu wameleta hoja ya pili. Tunaishi jirani na watawa Wabenediktini, ambao wamekuwa hapa Hanga tangu miaka ya 1950, na katika makanisa mna michoro. Basi wakasema kuwa kuchora ni kuiga dini ya wengine.

Tunajibu: kuiga kunakokatazwa ni katika yale yanayowahusu wao kwa dini yao. Kuchora tawi la mninga si ibada ya mtu yeyote. Al-Walid bin Abd al-Malik alipoujenga Msikiti wa Damascus, baina ya mwaka 86 na 96 Hijria, kuta zake zilipambwa kwa vipande vidogo vya rangi vinavyoonyesha miti mirefu, mito na majumba, bila ya mtu wala mnyama. Mafundi wa zama hizo walitoka katika miji ambayo makanisa yake yalijaa sura za watu, lakini katika msikiti ule mti umebaki na mtu hayumo. Huo ndio mpaka wa Kiislamu ulivyokuwa ukifahamika katika karne ya kwanza.

MIPAKA

Ruhusa si ruhusa ya kila kitu. Tunataja mipaka mitano.

Mpaka wa kwanza ni kipepeo. Wachoraji wengi wa maua hupenda kuweka nyuki, kipepeo au ndege juu ya tawi ili karatasi ichangamke. Wadudu hawa wana roho. Karatasi iliyokuwa mubaha huingia katika katazo kwa ajili ya kidudu kisichozidi ukucha. Walimu wawaambie wanafunzi waziwazi: tawi, basi. Ama michoro ya wanyama inayodaiwa katika mitihani ya shule, hiyo ina mlango wake na maneno yake, wala tusiichanganye hapa.

Mpaka wa pili ni mahali. Mtume (S.A.W.) alimtaka Bibi Aisha (R.A.) aliondoe pazia lililokuwa likimshughulisha katika Swala, na alilirudisha vazi la Abu Jahm kwa sababu ya nakshi zake. Umar (R.A.), alipoamuru ujenzi wa msikiti, alitahadharisha juu ya rangi nyekundu na manjano zisije zikawafitini watu. Basi mchoro wa maua usitundikwe upande wa kibla, hata ukiwa mzuri kiasi gani. Pahala pake ni darasani, maktabani, au ukutani nyumbani pasipokabiliwa kwa Swala.

Mpaka wa tatu ni utukuzo. Ipo miti ambayo baadhi ya wazee wa zamani waliifanyia matambiko, kama msolo kwa Wayao. Kuuchora msolo ili ujulikane ni elimu. Kuuchora ili utundikwe kwa baraka au ufungwe katika hirizi ni mlango wa shirki. Maswahaba waliosilimu karibuni walipoomba wawe na mti kama Dhatu Anwat wa washirikina, Mtume (S.A.W.) aliwakemea kemeo kali.

Mpaka wa nne ni ukweli. Ua la mninga hutoka mwisho wa kiangazi, la manjano, wakati majani ni machanga au bado hayajatoka. Tunda lake, lile duara lenye ubawa mwembamba pande zote na miiba katikati, hukomaa miezi kadhaa baadaye na hubaki mtini hata majani yanapopukutika. Mchoraji akiweka ua na tunda kwenye kikonyo kimoja kana kwamba vimetoka siku moja, amemdanganya msomaji. Akiviweka karatasi moja lakini kila kimoja mbali na mwenziwe, na mwezi wake umeandikwa chini, ameifuata njia ya Ibn al-Suri.

Mpaka wa tano ni nia na wakati. Kinachomchelewesha mtu na Swala, au kumjaza majivuno, huharibika kwa sababu hiyo hata kama asili yake ni mubaha.

Kwa mizani hii tumezipima karatasi alizochora binti mmoja wa kijijini kwetu, ambazo nduguye alitaka zichomwe. Ni kumi na moja. Kwa mkono wa sanaa zina upungufu: rangi zimelowa mno, kingo zimemeguka, na vivuli vinatoka pande mbili kana kwamba kuna majua mawili. Majani ya msuku ameyachora yanatazamana, ilhali hupangika kwa kupishana na kusongamana kwenye ncha ya tawi. Tumemwambia akalitazame tawi tena. Kwa mkono wa fiqhi hatukuona tatizo isipokuwa katika moja, aliyoweka nyuki, nayo amekubali kuichora upya. Na kwa mkono wa elimu zina kitu ambacho kitabu cha bustani cha Nairobi hakikuwa nacho. Chini ya kila tawi ameandika jina la Kingoni au la Kindendeule, jina la Kiswahili alipolipata, mwezi wa kuchanua, na bibi yake alilitumia kwa nini. Majina mawili katika hayo hatukuyasikia kwa mtu mwingine yeyote.

NASAHA KWA MAIMAMU NA WALIMU

Misitu yetu inakatwa kwa mashamba na mkaa, na wazee wanaojua jina la kila mti wanaondoka mmoja mmoja. Mti ukikatwa huenda ukaota mwingine. Jina likifa halioti. Qur'ani imetuambia kuwa Nabii Adam (A.S.) alifundishwa majina ya vitu vyote, na katika hilo upo utukufu wa kujua jina la kitu. Kijana wa Kiislamu anayekaa chini ya mti, akauuliza jina lake kwa mkubwa wake, akauchora ukiwa mchanga, ukiwa na ua na ukiwa umekauka, anafanya kazi ambayo matabibu wa Umma huu waliifanya kwa fahari.

Tunawaomba maimamu wasinyamaze mimbari inapotumiwa kuharamisha bila ya dalili. Kusema "hii haramu" ni kusema kwa niaba ya Allah (S.W.), na Qur'ani imekemea katika Suratun Nahl, aya ya 116, wale ambao ndimi zao hupachika uhalali na uharamu kwa uwongo. Tunawaomba walimu wa madrasa watenge hata saa moja kwa mwezi, katika darasa la Tawhidi, wanafunzi walete tawi moja moja na walitazame. Asiyekuwa na rangi atumie penseli. Na tunawaomba wazazi wasichome karatasi kabla ya kuuliza.

Allah (S.W.) atujaalie katika wanaotazama wakazingatia, wanaozingatia wakashukuru, na atuepushe na kuzidisha na kupunguza katika dini Yake.

Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.